Jinsi ya kufundisha matabaka ya Japani ya zamani bila kukaririsha pembetatu

Walimu wenzangu wa histori hapa Dodoma, na nyie mnaosimamia madogo wa tuisheni kule Ipagala na Chang'ombe, naomba tuachane na ile pembetatu ya ubaoni, mfalme juu, samurai (wapiganaji) anafuata, wafanyabiashara chini kabisa, af tunawaambia nakilini. Mtoto anakariri, anajibu mtihani, anasahau, na kibaya zaidi anabaki anaamini mwenye duka wa Osaka alikuwa maskini kuliko mkulima kisa tu kachorwa chini. Fuateni mchele. Ukijua unatoka kwa nani na unaishia kwa nani, mambo yanaeleweka.

Kwanza chagueni kipindi kimoja. Mimi nashauri enzi ya ukoo wa Tokugawa, yani kuanzia 1603 Tokugawa Ieyasu alipopewa cheo cha shogun, yani mtawala wa kijeshi wa nchi nzima, mpaka 1868, maana ndo mipaka ya matabaka ilikazwa kweli kweli. Kabla ya hapo kuna watu walilima na vita ikija wanabeba mkuki, ila mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyetangulia, akawanyang'anya wakulima silaha, hiyo iandikeni mapema.

Sasa pitia sokoni Majengo uazime debe la lita 20 na uwele kidogo, mchele wenyewe sio lazima. Waelezeni kipimo kinaitwa koku, kama lita 180, yani debe tisa, kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kula mwaka mzima. Ukubwa wa mtawala ulipimwa kwa koku. Daimyo ni bwana ambaye eneo lake linahesabiwa kutoa koku 10,000 kwenda juu, na walikuwa kama 260 hivi, ukoo wa Maeda wa Kaga peke yao walivuka milioni moja. Waacheni madogo wapige wenyewe hesabu ya madebe, darasa litachangamka.

Kisha gawa nafasi za kuigiza. Karibu nane kwenye kila kumi wawe wakulima, ndivyo ilivyokuwa. Wanajaza debe, mkuu wa kijiji anapeleka kodi, mara nyingi asilimia 40 mpaka 50 ya mavuno, na deni ni la kijiji kizima kwahiyo jirani akishindwa mnambebea. Daimyo anapokea, anawagawia samurai wake.

Hapa msikimbie, maana samurai ndo anapoeleweka vibaya. Wengi wao kipindi hiki hawana shamba, wanakaa mji wa ngome ya bwana wao, wana panga mbili kiunoni lakini wanakula posho ya mchele. Bwana akivuliwa eneo wao wanakuwa ronin, hawana pa kushika. Na mchele haununui nguo wala mafuta ya kuwashia taa moja kwa moja, lazima auuze, anauza kwa nani? Kwa yule yule mfanyabiashara aliyechorwa chini! Bei ikishuka samurai anakopa, na hata daimyo anakopa, kwa sababu sheria ya 1635 ilimtaka aende kukaa Edo (Tokyo ya leo), makao ya shogun, kwa zamu huku mke na watoto wakibaki kule muda wote, na misafara ile ilikula hela vibaya mno. Soko la mchele la Dojima, Osaka, serikali ya shogun ililitambua rasmi 1730.

Mfalme wa Kyoto mtajeni kwa kifupi, heshima nyingi nguvu kidogo.

Ila kuna watu msiwaruke hata kama vitabu vinawaruka, wale walioitwa eta na hinin, waliofanya kazi za ngozi, mizoga na nyingine zilizohesabika najisi. Walitengwa kabisa, na ubaguzi uliwafuata watoto wao hata baada ya sheria kuufuta utengano huo 1871. Nafasi hii usimpe mtoto aigize, elezea tu kwa utulivu, darasani kuna watoto wanaobaguliwa tayari.

Waambieni pia yale matabaka manne ya kukariri (samurai, wakulima, mafundi na wafanyabiashara) yalitokana na mafundisho ya mwanafalsafa Konfusio kutoka China, mtaani mgawanyo uliokuwa ukionekana zaidi ni samurai, watu wa vijijini na watu wa mjini.

Swali la mwisho lisiwe "taja matabaka". Waulize hivi: 1876 samurai walikatazwa kubeba panga na posho zao zikageuzwa hatifungani, je, nani alipoteza zaidi na nani hakuguswa? Wape dakika 20, na debe liwe bado mezani.