Oili Inapoingia Kwenye Chujio la Hewa la Pikipiki
Ukifungua boksi la chujio la hewa ukakuta sponji imelowa oili, usikimbilie kufungua injini. Zima pikipiki, isimamishe kwa stendi kubwa mahali tambarare, subiri dakika chache, kisha upime oili kama kitabu chake kinavyoelekeza. Kosa la kawaida ni kumimina chupa nzima ya lita 1 wakati oili ya zamani haijamwagika yote. Ziada hiyo husukumwa na gesi ya ndani ya injini kupitia mpira wa kupumulia (bomba linalotoa gesi hiyo kwenye injini) hadi kwenye chujio.

Kipimo kikiwa sawa, kagua mpira huo, kwa sababu ukikunjika au kuziba, shinikizo hupanda na oili huvuja kwenye sili (vizuizi vya oili kwenye maungio ya injini). Usiuzibe kamwe, hata fundi akikushawishi. Osha sponji kwa maji ya sabuni, ianike kivulini, ipake oili kidogo na uikamue. Chujio la karatasi libadilishwe. Oili ikirudi upesi huku ekzosi ikitoa moshi wa buluu, yaelekea ringi za pistoni zimechoka, na hapo fundi apime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda).