Jinsi ya kujua kwa nini leo sisimizi wametoka wengi na jana walikuwa wachache

Wengi tunadhani malkia ndo anatoa amri huko chini, hapana jamani, malkia kazi yake ni kutaga mayai. Nani atoke na nani abaki inategemea hali ya nje na jinsi wanavyokutana mlangoni, na hii unaweza kuiona mwenyewe ukiwa na saa na daftari tu.

Chagua shimo moja. Kama ni siafu achana nao, wanahamahama na wanauma. Kaa mahali ambapo kivuli chako hakiwafuniki, maana ukiwatilia kivuli ushabadilisha joto la ardhi na hesabu imeharibika. Hesabu wanaotoka dakika moja, alafu wanaorudi dakika moja, asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki nzima, na pembeni uandike jua likoje na udongo umekauka au umelowa.

Usidharau hao wanaorudi, siri iko kwao. Deborah Gordon wa chuo kikuu cha Stanford amefuatilia sisimizi wanaokusanya mbegu kwenye jangwa la mpakani mwa Arizona na New Mexico, Marekani, tangu miaka ya 1980, akakuta aliyeko ndani hatoki hadi akutane na wenzake wa kutosha wanaorudi na mbegu, wanagusana kwa vipapasio na kunusana. Chakula kikiwa kingi wanarudi chapchap, basi na wengine wanatoka. Sasa kwenye ukame kila safari inawanyang'anya maji mwilini, na maji yenyewe wanayapata kutoka kwenye mafuta ya mbegu, kwa hiyo kuna makundi yanapunguza kutoka siku kavu. Mwaka 2013 alionyesha kwamba hayo yanayojizuia ndo yaliyozaa makundi mapya mengi zaidi! Mi hii bado inanishangaza, yani kukaa na njaa kidogo leo kumbe ndo faida.

Ukimaliza wiki jaribu kitu alichofanya yeye: weka vijiti vidogo vya meno mlangoni mwao, vichache. Kwake wasafishaji waliongezeka na watafuta chakula wakapungua, bila mkubwa yeyote kupanga zamu. Hesabu makundi yote mawili, alafu toa vijiti vilivyobaki, usiwaachie mzigo.

Kuna na sisimizi wanaoishi chini ya mawe. Inua jiwe asubuhi likishapata jua, mara nyingi utakuta mabuu yamesogezwa juu kwenye joto, ila ardhi ikichemka wanayashusha chini. Inua mara moja kwa siku basi, na ulirudishe taratibu vilevile lilivyokuwa, ukilidondosha unaua watoto.

Mvua ikinyesha usihesabu palepale. Subiri udongo unyonye maji, wengi watakuwa wanatoa tope kwanza, kwa hiyo safu ya wanaotafuta chakula itaonekana ndogo na ukiandika haraka utasema wamelala.