Kununua darubini yako ya kwanza: angalia kipenyo kabla ya ukuzaji

Ukiona boksi la darubini limeandikwa kwa herufi kubwa "hukuza mara 500", liache hapo hapo. Kinacholeta picha safi ni upana wa lenzi kuu au kioo kikuu, maana ndicho kinachokusanya mwanga. Chukua kipenyo hicho kwa milimita, zidisha kwa 2: ukuzaji ukipita hapo unaona ukungu tu. Kwa hiyo darubini ya milimita 60 inaishia mara 120, na pete za sayari ya Zohali huonekana hata kwa mara 50. Halafu gusa stendi! Ikiyumba, nyota zitakuchezea usiku kucha na utakata tamaa mapema. Fedha haitoshi? Nunua darubini ya macho mawili, ile ya 10x50, yaani hukuza mara 10 na lenzi zake kuu zina kipenyo cha milimita 50. Egemeza viwiko ukutani, utaiona miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii.