Kuweka injini ya rotari ndani ya MGB: mwongozo kutoka gereji ya Malindi

Mtu anapoleta MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, yenye injini iliyochoka na kuniambia kwamba anataka kuitia rotari ya Mazda, huwa simuulizi kama injini hiyo itaingia, kwa sababu itaingia. Rotari ya rota mbili ni fupi na nyepesi kuliko injini ya chuma tupu ya sentimita za ujazo 1,798 ambayo gari hilo lilitoka nayo kiwandani, na nafasi hubaki mbele yake. Ninachomuuliza ni kwamba joto lake atalipeleka wapi. Hapa Malindi, mwezi wa Februari au Machi, upepo wa kaskazi unapolegea, hewa ya saa nane mchana huwa imekwisha kupita nyuzi 30 kabla haijagusa redieta, na gari lililoundwa kwa ajili ya barabara za Uingereza halikutengewa upoezaji wa kuhimili hali hiyo. Kwa hiyo nitapita upesi kwenye kazi ya kukata na kuchomelea, na nitakaa zaidi kwenye maji na mafuta ya injini.

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini injini hii huogopa joto kuliko nyingine. Ndani yake hakuna pistoni wala valvu. Kuna rota yenye pembe tatu, ambayo huzunguka ndani ya nyumba iliyobanwa kiunoni kama nambari 8 nene, na kila rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti huwa imezunguka mara tatu. Katika injini ya pistoni, silinda ile ile hupokea hewa baridi na moto kwa zamu. Katika rotari, upande wa plagi huungua wakati wote na upande wa kuvuta hewa hubaki baridi wakati wote, hivyo nyumba ya rota hutanuka upande mmoja kuliko mwingine. Nyumba hizo, ambazo ni za aluminiamu, hubanwa kati ya mabamba ya chuma kwa bolti ndefu, na kinachozuia maji yasiingie mahali pa moto ni sili nyembamba za mpira. Ukiiacha injini ichemke mara moja tu, sili hizo huweza kuharibika, na hapo hakuna njia isipokuwa kuifungua injini yote.

Kuhusu uchaguzi wa injini, nina msimamo na sitauficha. Mazda iliuza gari lake la rotari la RX-7 kuanzia 1978 hadi 2002, kisha RX-8 kuanzia 2003 hadi 2012, na muuza vipuri huenda akakuonesha kwanza ile ya RX-8 kwa kuwa ndiyo ya karibuni. Ni injini nzuri, lakini inategemea kompyuta yake, kanyagio lake la umeme na ufunguo wake, na kuyahamishia mambo hayo yote ndani ya gari la miaka ya 1960 ni kazi ya kumkatisha tamaa hata fundi mzoefu wa umeme. Kwa MGB ninapendelea injini za RX-7: 12A, yenye sentimita za ujazo 1,146, au 13B isiyo na tabo (turbo), yenye 1,308. Gari hili lilitoka kiwandani likiwa na takriban nguvu za farasi 95, na 13B ya RX-7 ya mwaka 1986 ilitoa 146, kiasi ambacho kinatosha kabisa kwa breki na mwili wa gari hilo. Anayetaka tabo na atafute gari jingine.

Injini na inunuliwe pamoja na giaboksi yake, stata yake, kabureta au mfumo wake wa sindano, na flaiwili. Jambo la flaiwili lina uzito wake. Uzito wa kusawazisha mizunguko hufungwa upande wa nyuma wa shafti, na katika magari ya gia za mkono huwa sehemu ya flaiwili yenyewe, ilhali katika yale ya otomatiki hutengwa. Ukichanganya vipande vya injini mbili tofauti, gari litatetemeka hadi likuvunjie beringi.

Usilipe kabla ya kupima mgandamizo. Fungia stata, kata umeme wa plagi na petroli, fungua kabureta wazi kabisa, kisha toa plagi moja ya rota unayoipima na uingize geji ya kawaida, ukiwa umeondoa kivalvu kidogo cha ndani ili mshale uweze kurudi. Zungusha kwa stata na usikilize. Rota yenye afya hupumua mara tatu kwa sauti zinazolingana, puf, puf, puf, na mshale huruka mara tatu kwa kimo kimoja. Sauti moja ikikosekana, sili ya ncha, yaani ile iliyo kwenye pembe ya rota, imekwama au imevunjika. Baada ya hapo rudisha kivalvu na usome shinikizo: chini ya 85 kwa kipimo cha psi, injini hiyo imekwisha. Katika 12A na 13B za zamani unaweza pia kuondoa bomba la eksozi na kumulika kwa tochi tundu la kutolea moshi. Zungusha shafti taratibu mpaka ncha ya rota ionekane, kisha ibonyeze sili kwa kijiti chembamba. Inapaswa kuingia ndani na kurudi kama chemchemi. Ukiwa hapo, angalia ukuta wa ndani. Wahandisi wa Mazda walipokuwa wakiihangaikia injini hii katika miaka ya 1960 walikuta humo mikwaruzo iliyojipanga kama mawimbi, wakaiita makucha ya shetani. Ukiiona, muage muuzaji kwa heshima.

Sasa gari lenyewe. MGB haina chesisi ya kujitegemea, nguvu yake imo katika maboksi ya chuma yaliyo chini ya milango, na chumvi ya Pwani huyala kutoka ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Chukua bisibisi uyachome kwa nguvu. Bisibisi ikizama, kazi ya injini na isubiri kwanza. Vilevile, kama gari liliundwa kabla ya mwisho wa 1967, huenda betri yake imefungwa chanya kwenye mwili wa gari, kinyume cha magari ya leo. Alteneta na mfumo wa moto wa Mazda utauunguza papo hapo usipogeuza. Geuza kwanza, na uhakikishe kwamba kila kifaa kilichobaki kinakubali mwelekeo huo mpya.

Kabla ya kuning'iniza injini kwa mnyororo, tengeneza mfano wake wa mbao na kadibodi, wenye vipimo vya sampu (bakuli la mafuta lililo chini ya injini), nyumba ya klachi na tundu la eksozi. Mafundi wa majahazi hukata kigezo kabla ya kugusa mti wa thamani, nasi hatuna sababu ya kuwa na haraka kuwashinda. Mfano huo utauinua kwa mkono mmoja, utausogeza nyuma hadi ukaribie ukuta wa kabini, na utaona mapema kama sampu inagonga mhimili wa mbele au kama bomba la eksozi linapita karibu mno na shafti ya usukani. Katika rotari njia ya hewa na njia ya moshi ziko upande mmoja, kwa hiyo upande huo hujaa, ilhali ule wa plagi hubaki wazi. Tundika timazi kutoka katikati ya ukuta wa kabini ili ujue kama injini imekaa katikati, na hakikisha kwamba sampu haishuki chini ya mhimili wa mbele, maana matuta ya barabara zetu hayamhurumii mtu.

Mikono ya kushikilia injini na ifungwe kwa bolti kwenye sehemu zilizokuwapo tangu awali. Mimi sikati mwili wa MGB nikiweza kuepuka, na injini ya zamani huipaka mafuta, nikaifunga vizuri na kumkabidhi mwenyewe, kwa sababu siku moja huenda akataka kuirudisha. Propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, itahitaji fundi wa kukereza vyuma aunganishe ncha ya Mazda na flanji ya MGB, kisha isawazishwe. Pembe ya flanji ya giaboksi na ile ya difu ziwe sambamba, na tofauti isizidi nyuzi 1.

Tumefika kwenye maji. Gari la kwanza nililolifanyia kazi hii liliharibika kwa sababu ya themostati. Mwenye gari alilipeleka kwingine kubadilishiwa mpira wa maji, na fundi aliyelipokea, akifuata desturi iliyoenea Pwani nzima, akaitoa themostati na kuitupa ili injini "ipoe vizuri." Katika injini nyingi kosa hilo halileti balaa. Katika rotari ya Mazda, themostati ina kisahani cha chini ambacho huziba njia ya mkato injini inapopata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu kubwa ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupitia redieta. Kabla ya kufika Gede mshale ulikuwa umelala upande wa nyekundu. Nilipolifuata gari, nilikuta moshi mweupe wenye harufu tamu ya kulenti, dawa ya kuchanganya na maji ya redieta, ukitoka kwenye eksozi, na plagi mbili za rota ya nyuma zikiwa zimelowa. Tuliifungua injini mezani. Sili ya maji ilikuwa imekauka na kukatika kipande cha urefu wa ukucha. Kipande hicho ninacho bado ndani ya kopo, na kila mteja wa rotari humwonesha kabla hatujakubaliana bei.

Weka themostati halali ya injini hiyo na usiiondoe. Redieta na iwe ya aluminiamu, pana kadiri pua ya gari inavyoruhusu, na mianya yote kati yake na mwili wa gari izibwe kwa bati ili hewa isipate njia ya kukwepa. Feni ya umeme iwe na kava lake. Tangi dogo la maji liwekwe juu kuliko sehemu yoyote ya injini, kwa sababu kiputo cha hewa kikinaswa juu ya rota, hapo ndipo panapoungua. Usijaze maji ya kisima. Visima vingi vya hapa vina chumvi, na chumvi kati ya aluminiamu na chuma hula aluminiamu hiyo na kuitoboa polepole. Tumia maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, si asidi, uyachanganye nusu kwa nusu na kulenti. Ondoa imani yako katika geji ya zamani ya gari, na ufunge mpya inayoonesha nyuzi kwa nambari. Ikifika 110, simama na uzime, hata kama uko katikati ya daraja la Sabaki.

Mafuta nayo ni kipoza joto cha pili, wala si cha hiari, kwa sababu rota hupoezwa kutoka ndani kwa mafuta yanayorushwa na shafti. Funga kipoza mafuta kikubwa mbele, mahali penye hewa yake yenyewe, na si nyuma ya redieta. Kile kidogo cha MGB hakitoshi. Injini hii pia huchoma mafuta kidogo kwa makusudi, ili kulainisha sili za ncha, kupitia pampu ndogo ya kupimia. Kama pampu hiyo haipo au huiamini, changanya mililita 8 hadi 10 za mafuta ya mashine za boti, yale yasiyoacha majivu, katika kila lita ya petroli. Hili kwetu ni jepesi, kwani wavuvi hutumia mafuta ya namna hiyo kila siku.

Eksozi itengenezwe kwa bomba nene, ikingwe kwa bati dhidi ya bomba la petroli na la breki, na iwe na silensa mbili, kwani moshi wake hutoka ukiwa na moto mkali na sauti yake huamsha mtaa. Breki za mbele ni za diski na za nyuma ni za ngoma. Badilisha mipira yote ya breki bila kujadiliana. Upande wa moto, kila rota ina plagi mbili, ya chini ikitangulia na ya juu ikifuata, na nyaya zake zisibadilishane hata mara moja. Habari njema ni kwamba rotari ya rota mbili huwaka mara mbili kwa kila mzunguko wa shafti, sawasawa na injini ya silinda nne, kwa hiyo geji ya mizunguko ya silinda nne inayokubali mfumo mpya wa moto itasoma kwa usahihi ikiunganishwa na koili ya kutangulia.

Siku ya kuwasha, zungusha kwanza kwa stata bila petroli wala moto, mpaka geji ya shinikizo la mafuta ya injini ipande. Ikishawaka, iache ipate joto lake kamili. Kosa la kuliwasha gari ili ulisogeze mita tano uani, kisha ulizime likiwa baridi, huilowesha rotari kwa petroli, na asubuhi haitawaka. Ikitokea hivyo, toa plagi, tia matone ya mafuta ya injini ndani ya kila rota, na uzungushe hadi zikauke. Badiliko la injini nalo liandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, ili nambari mpya iingie kwenye logbook, kabla gari halijaingia barabarani kwa safari ya kweli.

Safari ya kwanza iwe fupi, mathalani kwenda Gede na kurudi alasiri, kwa mwendo wa taratibu, jicho likiwa kwenye geji mbili. Lilaze gari usiku kucha. Asubuhi yake, kabla ya kuliwasha, fungua kifuniko cha tangi la maji. Kama kiwango kimeshuka na sakafuni hakuna tone, toa plagi za chini moja baada ya nyingine na uziguse. Ile yenye unyevu wa maji ndiyo itakayokuonesha rota yenye sili mbovu, na injini hiyo irudi mezani kabla hujaiwasha tena.