Somo: Mwani unavyopigana na bakteria, na namna ya kuusaidia kabla haujakatika

Kaskazi ikikaribia maswali huwa yale yale: mwani umekuwa mweupe, umelainika, umekatika, kamba imebaki na taitai tupu, yaani vile vikamba vidogo vya kufungia mwani. Wengi hulaumu mbegu, wengine jirani. Somo hili linahusu ugonjwa huo wa weupe, aisi-aisi, na msimamo wangu nautanguliza: bakteria ni wamaliziaji tu. Aliyeanza kazi ni joto, maji ya mvua au tope. Ukijua mwani wenyewe unavyojitetea, utajua pia saa ya kuingilia kati.

Historia kwa ufupi. Aisi-aisi iliripotiwa Ufilipino mwaka 1974, na mbegu zetu za kotonii na spinosamu, aina mbili za mwani tunazolima, zilitoka huko huko. Kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989. Miaka ya 2000 ilipoanza, kotonii ikawa inakufa mashamba mengi ya Unguja, na leo sehemu kubwa ya kotonii ya Zanzibar inatoka Pemba. Tukumbuke pia kwamba sisi hupanda kipande kilichokatwa kwenye mche, kila msimu. Shamba zima linakaribia kuwa mche mmoja uliogawanywa, kwa hiyo udhaifu wa mmoja ni wa wote.

Hatua ya 1: Pima bahari kabla ya kushika mwani

Nunua kipimajoto. Kiweke ndani ya maji, kwenye kina ilipo kamba, maji yanapokauka wakati wa bamvua na jua limeshapanda. Danilo Largo wa Ufilipino na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba joto la nyuzi 33 hadi 35, au chumvi ikishuka hadi sehemu 20 kwa elfu (bahari ya kawaida ina kama 35), hutosha kuanzisha weupe. Mwanga hafifu nao hufanya hivyo. Ukiona nyuzi 32 siku mbili mfululizo, usingoje dalili.

Hatua ya 2: Shika tawi, usitazame kwa mbali

Mwani mzima ni mgumu, ukiuvunja unalia. Mgonjwa huanza kwa pete iliyopauka katikati ya tawi, wala si lazima iwe nchani. Pete hiyo inateleza kupita kiasi, ukiibana kwa kidole inabonyea. Baadaye inakuwa nyeupe kabisa, na mkondo wa kusi au wimbi dogo tu linaikata hapo hapo. Sehemu ya mbele, ambayo bado ni nzima, inakwenda na maji.

Usichanganye na mambo haya: ncha zilizopauka kwa jua baada ya kamba kubaki juu ya maji, matawi yaliyokatwa butu, hiyo ni kazi ya samaki aitwaye tasi, na manyoya meusi juu ya ngozi, hayo ni mwani mwingine mdogo ulioota juu ya wako.

Hatua ya 3: Elewa vita vyenyewe

Hapa nitakaa kidogo. Mwani hauna damu wala kingamwili. Kila tawi linajipigania lilipo. Na bakteria wapo kwenye ngozi yake siku zote, hata ukiwa mzima. Wengi hawadhuru, na baadhi wanaziba nafasi ambayo wabaya wangeitaka.

Shida inaanza mwani unapochoka. Unatoa ute mwingi, na ute ni chakula. Bakteria wanaongezeka. Wamo wenye vimeng'enya vya kukata karajinani, yaani ukuta wenyewe wa kotonii, ambao ndio mali tunayouza.

Mwani unajuaje kwamba umevamiwa? Jambo hili limechunguzwa vizuri kwa Gracilaria, mwani mwekundu wa kutengenezea agari. Bakteria wakikata ukuta, vipande vidogo vya sukari hubaki majini, na mwani hutambua vipande vya ukuta wake mwenyewe. Ndani ya dakika chache unamwaga haidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa duka la dawa kuoshea vidonda. Laminaria digitata, mwani mkubwa wa kahawia wa Ulaya, nao hufanya hivyo ukigusana na vipande vya ukuta wake. Mwani mwekundu una silaha ya pili: huchukua bromini iliyomo baharini na kuitengenezea kemikali zinazochukiza vijidudu.

Ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote. Delisea pulchra, unaoota karibu na Sydney, Australia, hutengeneza kemikali ziitwazo furanoni. Bakteria huwasiliana kwa kemikali kabla ya kushambulia kwa pamoja, na furanoni huvuruga mawasiliano hayo. Lakini maji yakipata joto furanoni hupungua, bakteria aitwaye Nautella anaingia, na matawi yanapauka. Bakteria ni yule yule. Kilichobadilika ni joto.

Peroksaidi pia ina gharama. Ikizidi inaunguza chembe za mwani wenyewe. Jua kali na joto tayari huufanya mwani uzalishe peroksaidi ndani yake, na kazi yote inakwenda katika kuizima. Bakteria wakifika siku hiyo, mwani unapigana huku unaungua.

Hatua ya 4: Kata mapema

Tumia kisu kikali, siyo kucha. Kata kwenye nyama ngumu, vidole viwili kutoka kwenye weupe kuelekea upande mzima. Weupe uweke kwenye kapu, upeleke pwani, usiutupe shambani. Kamba ikiwa na weupe kwenye miche mingi, vuna yote hata kama wiki sita hazijatimia. Inauma, lakini mwani mchanga uliokauka una bei kuliko uliokwenda na maji.

Hatua ya 5: Punguza mzigo

Panua nafasi kati ya miche maji yapite. Sugua kamba zilizoshika tope. Mbegu ya msimu ujao itoke kwenye kamba ambayo haikuugua kabisa, na uichague kabla ya kaskazi. Shamba likiwa karibu na mkondo wa maji ya mvua, lihamishe kabla ya masika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kidoti: Asalaam aleikum mwalimu. Nikikata si naongeza kidonda? Bakteria si wataingia hapo?

Jibu: Waaleikum salaam mama. Kidonda ni mlango, kweli. Lakini pale pa kijani kigumu mwani bado una nguvu ya kujitetea. Pale peupe nguvu hiyo haipo tena. Kisu kiwe kikali, kata asubuhi, na mche usikae juani.

Mkulima wa Micheweni: Kwa nini spinosamu ya jirani inapona na kotonii yangu inakufa, na bahari ni moja?

Jibu: Spinosamu, yaani Eucheuma denticulatum, inavumilia zaidi. Mtanzania Matern Mtolera na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba ikibanwa na mwanga mkali hutoa kwa wingi zile kemikali za bromini. Haimaanishi kwamba haiugui, kaka. Inachelewa kushindwa. Tatizo ni bei yake ndogo, na hilo unalijua kuliko mimi.

Dada wa Kibuyuni, Kwale: Nimesikia kuna dawa ya kuchovyea mbegu. Ni kama chanjo?

Jibu: Dada, ni dondoo la Ascophyllum nodosum, mwani wa bahari ya baridi. Limejaribiwa kwa kotonii Ufilipino na Brazili, na linauamsha ulinzi wa mwani kabla ya adui kufika. Chanjo siyo, kwa sababu mwani hauna kumbukumbu ya ugonjwa kama miili yetu. Antibiotiki na jiki baharini, hapana kabisa. Unaua bakteria walinzi na unaharibu maji ya wenzako.

Mvuvi wa Mlingotini: Kupanda mwani kwenye kamba zinazoelea kina kirefu kunasaidia?

Jibu: Kwa joto, ndiyo. Ila angalia usizamishe sana mpaka mwanga upungue, na uwe na mashua na watu wanaojua kuogelea.

Mama wa Kidoti tena: Mwalimu, ule mweupe nikiukausha nikachanganya na mzima, nani atajua?

Jibu: Kiwandani watajua. Uliougua hutoa karajinani kidogo na isiyoganda vizuri, na kikundi kizima kitakatwa bei. Ufukie kwenye shamba lako la nchi kavu, chini ya mnazi, baada ya kuusuuza chumvi kwa mvua.