Kusema Njaa na Kuomba Chakula kwa Kiebrania

Vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojiandaa kwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo, pamoja na waumini wanaokwenda kuhiji Yerusalemu, kwa kawaida huanza na salamu na shukrani: shalom, yaani amani, boker tov, yaani asubuhi njema, na toda, yaani asante. Hilo ni jema, lakini msafiri aliyekesha kwenye basi la kwenda Dar es Salaam, kisha akaunganisha na ndege, mara nyingi hufika akihitaji kula kuliko kusalimiana. Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kukariri orodha ndefu ya vyakula. Shika kwanza sentensi chache fupi ambazo unaweza kuzitia chakula chochote.

Katika maandishi haya, kh hutamkwa kooni kama ya Kiarabu, ts hutamkwa kwa pamoja, na alama ya ritifaa huonyesha mkato mdogo wa sauti kabla ya irabu. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiebrania mara nyingi hukaza ya mwisho kabisa, kwa hiyo ra'ev hukazwa kwenye ev. Maneno mayim, yaani maji, na lekhem, yaani mkate, hukazwa mwanzoni.

Jambo la kuzingatia kuliko yote ni jinsia ya msemaji. Mwanamume husema "ani ra'ev" akiwa na njaa, na mwanamke husema "ani re'eva". Kwa kiu, mwanamume husema "ani tsame" na mwanamke "ani tsme'a". Kaka na dada wanaojifunza pamoja wasiigane, bali kila mmoja akariri umbo lake mpaka limtoke bila kufikiri, kisha ndipo ajifunze kumuuliza mwenzake: "ata ra'ev?" kwa mwanamume, "at re'eva?" kwa mwanamke. Wakiwa wengi, waseme "anakhnu re'evim". Utawasikia pia vijana wakisema "ani met mera'av", yaani ninakufa kwa njaa, na msichana "ani meta mera'av". Hayo ni maneno ya kutaniana na rika, na mgeni asiyaanze mbele ya mwenyeji mzee. Aliyefunga, iwe ni Ramadhani au Kwaresima, aseme "ani betsom", na hatalazimishwa kula.

Baada ya hapo zifuate sentensi zinazobeba chakula. "Yesh" ni kuna, na "eyn" ni hakuna. "Efshar ... bevakasha?", yaani inawezekana kupata ... tafadhali, ni namna ya adabu ya kuomba, kama katika "efshar mayim, bevakasha?" "Ani rotse" kwa mwanamume na "ani rotsa" kwa mwanamke ni nataka. "Im" ni pamoja na, "bli" ni bila: te im khalav ni chai ya maziwa, na te bli sukar ni chai isiyo na sukari. Mazoezi hayahitaji darasa. Ukikaa kwa mama lishe Mwanjelwa au Mafinga, jiulize na ujijibu kimoyomoyo huku ukitazama sufuria: Yesh orez? Yesh, tena ni mchele wa Kyela. Yesh she'u'it? Yesh, maharage hayakosekani. Yesh of? Eyn, kuku wameisha. Viazi mviringo ni tapukhei adama, samaki ni dag, mayai ni beitsim, na parachichi ni avokado. Ugali hawaujui kwa jina hilo, hivyo ueleze kwa kusema "ze kmo polenta", yaani ni kama polenta, kwa kuwa polenta ya unga wa mahindi wanaifahamu.

Pahali ambapo watu wetu hukwama ni kwenye chai. Mgahawa wenye neno כשר, linalosomwa kasher kutoka kulia kwenda kushoto, hufuata sheria ya Kiyahudi isiyoruhusu nyama na maziwa kuchanganywa, kwa hiyo ukiagiza nyama kisha ukaomba chai ya maziwa kama ulivyozoea Tukuyu, utakataliwa bila ubaya wowote. Uliza mapema: "ze basari o khalavi?", yaani hapa ni pa nyama au pa maziwa? Vyakula visivyo upande wowote, kama mboga, matunda, mayai na samaki, huitwa parve. Kitimoto usikiulize kabisa mahali hapo. Asiyekula nyama aseme "ani lo okhel basar", na mwanamke "ani lo okhelet basar".

Mezani utasikia "bete'avon", ambayo ni kukutakia mlo mwema. Isichukuliwe kuwa ni mwaliko kama "karibu" yetu. Ukiambiwa, jibu "toda" uendelee kula. Mwenyeji akikuongezea na umeshiba, sema "lo, toda, ani save'a", au "ani sve'a" kwa mwanamke, kisha usifu: "haya ta'im me'od", kilikuwa kitamu sana.

Bei huulizwa "kama ze ole?" Makumi yatakupa nafuu, kwa sababu yetu yametoka kwenye Kiarabu, lugha iliyo ndugu wa Kiebrania: esrim ni ishirini, shloshim thelathini, arba'im arobaini, khamishim hamsini, shishim sitini, shiv'im sabini, shmonim themanini, na tish'im tisini.

Kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi usiku ni Sabato, na maduka na migahawa mingi hufungwa. Nunua mkate wako kabla ya hapo, au Alhamisi umuulize mwenyeji: "ma patuakh beshabat?", ni wapi panapofunguliwa siku ya Sabato.