Kusahihisha skrubu ya kuongoza ya mashine ya kukereza

Skrubu ya kuongoza ndiyo inayogeuza mzunguko kuwa mwendo wa kusogea, na kosa lililomo ndani yake huhamia moja kwa moja kwenye kazi inayokatwa. Inasikitisha kumwona fundi aliyegundua kwamba vipimo vyake havikubaliani akianza kuisugua skrubu siku hiyohiyo, kabla hajajua kosa liko wapi. Chuma kilichokwisha kuondolewa hakirudi, kwa hiyo pima kwanza.

Anza kwenye ncha ya skrubu, penye beringi inayobeba msukumo, kwa sababu makosa mengi yanayosingiziwa nyuzi hutoka hapo. Paka grisi kidogo kwenye tundu la katikati la ncha hiyo, bandika gololi ndogo ya feleji, kisha weka geji ya mshale yenye ncha bapa iiguse gololi. Zungusha skrubu polepole huku kibebeo, yaani sehemu inayobeba kifaa cha kukatia na kusogezwa na skrubu, kikiwa kimeegemezwa upande mmoja. Mshale ukitulia, beringi ni nzima. Ukienda mbele na kurudi mara moja katika kila mzunguko, bega la skrubu au uso wa beringi haujakaa mraba. Rekebisha hapo kabla ya kuendelea.

Ulegevu kati ya nati na skrubu ni jambo jingine kabisa, wala usiuchanganye na kosa la hatua ya uzi, yaani umbali ambao skrubu husogeza nati kwa mzunguko mmoja. Unapopima, kifikie kila kituo kwa kusogea upande uleule. Ukipita, rudi nyuma zaidi ya ulegevu uliopo, ndipo usogee tena. Weka kipimo kwenye urefu ule ambao patasi hukatia, kwa maana kibebeo kikiinama kwa sekunde 10 tu za pembe (sekunde 1 ni sehemu ya 3600 ya digrii), mahali palipo milimita 200 juu ya njia zake husogea kwa karibu milimita 0.01. Joto nalo lihesabiwe: feleji yenye urefu wa mita 1 hurefuka kwa takriban mikroni 11 au 12 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, na vipimo vya viwanda hurejelea nyuzi 20. Acha mashine na vipande vya kupimia vikae pamoja hadi vilingane joto.

Kisha chora ramani ya kosa. Pima kila baada ya milimita 25 katika urefu wote, na katika sehemu tatu tofauti pima ndani ya mzunguko mmoja, kwa mfano kila nusu milimita ikiwa hatua ni milimita 4. Mstari unaopanda au kushuka taratibu ni kosa linalojikusanya. Wimbi linalojirudia kila mzunguko, ikiwa beringi imekwisha kuthibitishwa, ni uzi uliokatwa ukiyumba. Tiba zake si moja.

Wimbi na mabonde mafupi huondolewa kwa kusugua. Tengeneza nati ndefu ya shaba njano, inayoshika nyuzi nyingi kwa pamoja, iliyopasuliwa na yenye bolti za kuikaza. Chembe za unga laini wa msasa uliochanganywa na oili hujichimbia kwenye shaba, iliyo laini kuliko feleji, na kutoka humo huikata skrubu. Urefu wa nati ndio siri yote: nyuzi zilizo sawa huibeba, na zile zinazochomoza hukandamizwa peke yake. Mkono utakuambia, kwa kuwa nati hukaza inapofika penye kosa. Rudia hapo mara nyingi zaidi, igeuze nati mbele nyuma mara kwa mara, nawe usiwe na haraka. Katika miaka ya 1880 Henry Rowland wa Marekani, aliyehitaji skrubu za kuchorea mistari myembamba kwenye vioo na metali, alizisugua zikiwa ndani ya maji kusudi joto lisibadilike.

Kosa linalojikusanya halitoki kwa kusugua, hilo hufidiwa. Iache nati iweze kuzunguka kidogo, ifunge mkono wa chuma, na ncha ya mkono huo iteleze juu ya bapa la chuma lililofungwa sambamba na skrubu, ambalo ukingo wake umechongwa kufuata ramani ya kosa ili kuipandisha ncha na kuizungusha nati. Kwa hatua ya milimita 4 na mkono wa milimita 150, ncha ikipanda milimita 1 nati husogeza kibebeo kwa takriban milimita 0.0042, kwa hiyo kosa la milimita 0.03 hudai bapa lipande milimita 7 hivi, jambo ambalo tupa ya kawaida ya kusugulia chuma inaliweza bila shida. Napenda njia hii kuliko zote, kwa sababu ukikosea unatupa bapa, si skrubu. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hufanya kazi hiyohiyo kwa jedwali la marekebisho: namba za ramani yako huingizwa humo, kituo kwa kituo, kisha unapima upya urefu wote kwa upande uleule uliotumia mwanzoni.